Jeki Hainunuliwi kwa Tani

Msyuu! Nasonya, na nina sababu. Gari dogo limepata pancha pale senta, na wanaume wazima wanaacha drafti yao kwenda kulinyanyua kwa mikono, huku mmoja amepiga magoti anasukuma jiwe chini ya ubavu wa gari. Gari lina muziki unaosikika ng'ambo ya bonde, lina vioo vyeusi, lina rimu zinazometa, halafu halina jeki! Mwenye gari kasimama pembeni anaelekeza: "Inueni kidogo, inueni kidogo." Mura, unajua vidole vya yule anayesukuma jiwe viko wapi wakati wenzake mikono imeanza kutetemeka?

Sisi wa Ring'wani hatuwezi kukaa na gari bila jeki. Aliye mjini akipata pancha yuko hatua chache kutoka kwa fundi. Sisi tukitoka hapa kwenda Mugumu, au kuzunguka Majimoto, au kuvuka Mto Mara kuelekea Nyamongo na Tarime, tunakanyaga moramu, mawe yenye ncha, na kule mabondeni udongo mweusi wa mbuga unaonata masika na kupasuka kiangazi. Probox na Noah zinazobeba watu kwenye njia hizi zinatobolewa tairi kila mara, na dereva wa mchomoko anayejua kazi yake hawezi kuondoka bila spea iliyojaa upepo. Lakini wewe mwenye gari lako la nyumbani, la kupeleka mgonjwa zahanati na mahindi mnadani, unaona jeki ni kitu cha madereva wa abiria. Sivyo. Dereva wa abiria akikwama, abiria wake wanashuka kumsaidia. Wewe unakwama saa nne za usiku na mama mjamzito kiti cha nyuma.

Chanzo cha ukosefu huu kinajulikana. Gari zetu karibu zote ni mitumba kutoka Japani. Zilipotoka kiwandani kila moja ilikuwa na jeki yake, mpini wake na spana yake, vimefungwa mahali pake maalumu ili visigongegonge. Kati ya yule aliyeliuza huko, meli, bandari ya Dar es Salaam, na wenyeji wawili watatu waliolimiliki kabla yako, vile vyuma vinatoweka kimoja kimoja. Na mnunuzi wetu anapolikagua anafungua boneti, anasikiliza injini, anapiga teke tairi, anauliza gia boksi ilishawahi kufunguliwa. Sakafu ya buti haiinui. Akija kuiinua ni siku ya pancha, anakuta kishimo kitupu na vumbi.

Haya, basi mtu kaamua anunue. Hapo ndipo kijiwe kinapoharibu mambo, kwa sababu swali la kwanza linaloulizwa ni moja tu: ya tani ngapi? Kuna mura mmoja hapa, gari lake ni IST, kaapa hatanunua chini ya tani kumi. "Hiyo haitanishinda kamwe," anasema. Ebo! Tani kumi unainua IST au unainua nyumba ya wageni?

Tupige hesabu pamoja. IST au Probox tupu ina uzito wa kama tani moja. Noah inacheza kwenye tani moja na nusu. Unapobadili tairi hulibebi gari zima. Unanyanyua kona moja, na magurudumu mengine matatu bado yanabeba sehemu yake. Jeki inapata robo ya uzito, tuseme theluthi ukiwa mbele kwenye injini. Kwa gari dogo hizo ni kilo mia mbili na hamsini hadi mia tatu na thelathini hivi, na kwa Noah hazivuki sana mia tano. Jeki ya tani mbili iliyo nzima inazibeba, na nguvu inabaki. Ukiwa na Land Cruiser, au pikapu inayobeba magunia, nenda kwenye tani tatu, basi. Ile ya tani kumi ni ya Fuso. Ni nzito, ni nene, na kubwa zaidi ya yote, ni ndefu hata ikiwa imeshuka kabisa.

Hilo la urefu ndilo linalonifanya nisonye kuliko yote, maana halisemwi. Jeki hununuliwa kwa kimo. Kimo cha chini kwanza, kisha kimo cha juu, kisha kitako chake, na tani zinafuata nyuma huko.

Angalia kinachotokea. Mtu anakwenda duka la spea, anaona jeki ya chupa, nyekundu, inang'aa, bei yake haifikii bei ya tairi moja jipya. Anainunua. Akifika nyumbani anaijaribu, inaingia chini ya gari vizuri, anapampu, gari linapanda, anafurahi, anaitupa kwenye buti. Miezi inapita. Pancha inakuja. Tairi likiisha upepo, ubavu wa gari unashuka, na kwa tairi za gari dogo unashuka sentimita tano, sita, hata nane. Ile jeki iliyoingia wakati tairi ni zima sasa haiingii. Jeki nyingi za chupa za tani mbili zikishushwa kabisa bado zina kimo cha sentimita kumi na tano na zaidi, na gari limelala mpaka hapo hupati hata kumi na tatu. Mtu anabaki na jeki mkononi, nzima, mpya, na haina kazi. Anaanza kuchimba shimo kwa kisu cha jikoni. Nimeona wanaochimba kwa mikono, jamani, kwenye mawe.

Kwa hiyo kabla ya kupanda gari kwenda dukani, fanya jambo moja nyumbani. Chagua tairi moja, toa upepo wote. Chukua rula ya mtoto ya shuleni, pima kutoka ardhini hadi pale jeki inapotakiwa kushika. Andika. Hicho ndicho kimo cha juu kabisa ambacho jeki yako iliyoshushwa inaruhusiwa kuwa nacho, tena punguza kidogo, maana ardhi ya barabarani haitakuwa sawa kama ya uani kwako. Kisha jaza upepo kwa pampu ya mguu, ambayo nayo kila nyumba yenye gari huku ingepaswa kuwa nayo.

Kimo cha juu nacho kina hila yake. Kulitoa tairi lililolala ni rahisi, ukilinyanyua kidogo tu linachomoka. Lakini spea inayoingia imejaa upepo, ni ndefu kwa upande wa chini kuliko lile ulilotoa, kwa hiyo gari lazima lipande zaidi ya pale lilipoachia tairi bovu. Wanaosahau hili unawaona jeki imefika mwisho, spea haiingii, na wanaanza kuchimba tena.

Pale jeki inapotakiwa kushika ni wapi? Kwenye gari dogo pita mkono chini ya ubavu, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele au mbele kidogo ya lile la nyuma. Utagusa ukingo wa bati uliokunjwa, una vikato viwili. Katikati ya vikato hivyo ndipo. Jeki ya mkasi, hii inayofunguka kwa kuzungusha skrubu, ina mfereji kichwani wa kuupokea ukingo huo. Jeki ya chupa haina mfereji, kichwa chake ni kidogo cha mviringo, na ukiisimika kwenye ukingo huo inalikunja bati kama karatasi. Jeki ya chupa ni ya kuweka chini ya ekseli au chesisi, ndiyo maana inawafaa wenye Land Cruiser na pikapu, gari zenye uvungu mrefu na chuma kinene cha kushikia.

Nitasema wazi ninachochagua. Kwa IST, Probox, Wish na ndugu zao, chagua jeki ya mkasi. Ikishushwa inalala chini sana, sentimita kumi hivi au pungufu, haina mafuta ya kuvuja, na inaingia hata chini ya kiti. Tena mimi nitaichukua ya mtumba iliyotoka kwenye gari la Kijapani lililochinjwa, iliyonyooka na yenye skrubu safi, kabla ya mpya ya bati jembamba inayonesa ukiibana kwa vidole. Hakikisha inakuja na mpini wake. Jeki ya mkasi bila mpini ni chuma chakavu, na watu wanauziwa hivyo kila siku, halafu wanazungusha kwa spana ndogo robo kwa robo mpaka jua linazama.

Ile ya magurudumu, inayolala chini na kuinuliwa kwa mpini mrefu, ndiyo tamu kuliko zote kutumia. Mama mmoja anayeendesha pikapu ya nafaka anaipenda kuliko nyingine kwa sababu mpini mrefu unapunguza nguvu, naye ana haki. Ila ina sharti lake, nalo ni sakafu. Mkono wa jeki hiyo unapopanda haupandi wima, unazunguka, kwa hiyo jeki yenyewe lazima itambae kidogo chini ya gari ili kuufuata. Kwenye saruji vigurudumu vinatambaa. Kwenye udongo wetu vinazama, jeki inagoma kutambaa, na badala yake inalivuta gari upande. Kama uani kwako umemwaga zege, hata kipande cha ukubwa wa mkeka, inunue na Mungu akubariki. Kama huna, hiyo pesa inunulie jeki ya mkasi na stendi mbili za chuma za kushikilia gari.

Wazee wa njia za porini watanikumbusha ile jeki ndefu ya nguzo yenye meno, ambayo madereva wengi wa Afrika Mashariki wanaiita jeki ya Tanganyika. Ni chombo cha maana kwa gari lililozama hadi ekseli. Lakini inataka bampa ya chuma cha kushikia, ambayo Probox haina, na mpini wake ukikuponyoka unarudi kwa kasi ya kuvunja taya. Kwa nyumbani, hapana. Na hizi za umeme zinazochomekwa kwenye kiwashio cha sigara zinataka betri yenye afya, na gari nyingi za hapa senta asubuhi zinawashwa kwa kusukumwa.

Nirudi kwenye ardhi, maana ndiyo inayoamua. Kitako cha jeki ya gari dogo ni kama sentimita kumi kwa kumi. Ukiweka juu yake kilo mia nne, kila sentimita ya mraba ya udongo inabeba kilo nne. Udongo wa mbuga ulionyeshewa hauwezi. Jeki inazama taratibu upande mmoja, inainama, na gari linaifuata. Sasa weka chini yake ubao wa sentimita thelathini kwa thelathini. Uzito ule ule umeenea, kila sentimita inabeba chini ya nusu kilo. Ubao huo wala si wa gharama. Fundi seremala yeyote hapa atakukatia mkaratusi mkavu wa unene wa sentimita nne au tano, na inawezekana akakupa bure kama kipande kimebaki. Mtu ananunua jeki, haulizi ubao! Kwangu mimi huo ubao ni nusu ya jeki. Ila kumbuka kuwa nao una unene wake, kwa hiyo kwenye ile hesabu ya rula utoe. Jeki ya chupa iliyokuwa inaingia kwa shida, ukiiwekea ubao haitaingia kabisa. Umeona sasa kwa nini nasisitiza kimo?

Kuna mwalimu mstaafu hapa kijiweni, anapenda kueleza mambo kutoka mzizi. Anasema jeki ya mafuta ilipewa hataza New York mwaka 1851, mwenyewe Richard Dudgeon, kwa kufuata kanuni ambayo Pascal aliieleza huko Ufaransa karne mbili kabla yake: ukibana kimiminika mahali pamoja, msukumo unaenea kote sawasawa. Pistoni ndogo unaisukuma kwa mkono mwendo mrefu, pistoni kubwa inapanda mwendo mfupi kwa nguvu nyingi. Nakubaliana naye, na ninataka vijana wachukue jambo moja humo: kinachozuia gari kushuka ni mafuta yaliyofungiwa na sili ya mpira na kigololi kidogo. Punje moja ya mchanga ikikaa pale, gari linashuka. Sili ikichakaa, linashuka. Halitoi taarifa.

Ndiyo maana nikimwona mtu amelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, nasimama na kumvuta miguu, awe mdogo wangu, awe mkubwa wangu. Jeki ni ya kuinua. Kazi ya kushikilia ni ya stendi, zile za chuma zenye miguu mitatu au minne na pini ya kufungia. Ukitaka kubadili tairi tu, huna haja ya kuingia uvunguni. Ukitaka kukagua egzosi, kumwaga oili, kufunga bushi, weka stendi, litikise gari kwa mikono miwili, ndipo uingie. Huna stendi? Magogo manene yaliyokatwa sawa, yamepangwa mawili kwa mawili kwa kupishana, yatakuvusha. Matofali, hapana! Tofali la kuchoma na tofali la saruji yanabeba vizuri mpaka dakika yanapopasuka, na yakipasuka yanapasuka yote kwa mpigo. Hata lile tairi ulilolitoa, lilaze chini ya ubavu wa gari. Lolote likitokea, gari litaangukia tairi. Na watoto wasogezwe mbali. Watoto wetu wanapenda kuchungulia.

Jiwe nalo lina kazi yake halali, ila chini ya ubavu wa gari siyo mahali pake. Jiwe linazuia gurudumu lililo ng'ambo ya lile unalolinyanyua, mbele na nyuma. Watu wanasema, "Nimevuta hendibreki, nimetia gia." Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma, ukinyanyua moja la nyuma limebaki moja. Gia inashika magurudumu yanayosukumwa na injini, na ukinyanyua mojawapo, lile lililo hewani linazunguka huru na lile la chini halina tena kinacholizuia. Probox nyingi zinasukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukinyanyua la mbele gia haikusaidii. Kwenye mteremko wetu huu wa kwenda mtoni, bila mawe mawili gari linaondoka juu ya jeki.

Spana usiisahau. Nati za Toyota hizi za kawaida ni namba 21, za Suzuki na Honda ni 19. Zilegeze nusu mzunguko wakati tairi bado liko chini, maana likishakuwa hewani unalizungusha bure na unalitikisa gari juu ya jeki. Ukirudisha, kaza kwa mkono, shusha, kisha kaza kwa kupishana mshazari. Ukifika Mugumu kaza tena. Na kama umebeba magunia, yashushe kwanza. Probox ilisajiliwa kwao kubeba kilo mia nne, sisi tunaitia magunia sita ya mahindi, halafu tunailaumu jeki.

Dukani, iwe Mugumu, Tarime au Musoma, usilipe kabla hujaijaribu. Ya mkasi izungushe hadi mwisho wa juu na urudi hadi mwisho wa chini. Ikikwama katikati, iache. Isimamishe juu ya kaunta uitikise, uone kama ribiti zinacheza. Ya chupa ipampu hadi juu, izuie kwa kiganja na kuikandamiza kwa uzito wako wote, usubiri kidogo huku ukiongea na mwenye duka. Ikizama, au ukiona unyevu wa mafuta shingoni, mrudishie. Angalia kama uzito wa mwisho umeandikwa kwenye mwili wa jeki au umebandikwa kwa karatasi tu. Kisha mwombe yule atakayeitumia siku ambayo wewe hupo, mkeo, binti yako, mzee wako, aipampu au aizungushe mbele yako, gari likiwa juu yake. Kama hawezi, umenunua jeki yako peke yako, na gari la nyumbani si lako peke yako.

Kuitunza ni kazi ndogo. Ya chupa isimame wima kwenye buti, ukiilaza inaingiza hewa na kuvuja. Ikianza kupanda kwa kusitasita, fungua skrubu ya kuachia, ipampu mara kadhaa hewa itoke, funga. Ikipungua mafuta weka mafuta ya haidroliki. Mafuta ya breki yanaharibu sili zake, hata kama fundi atakwambia ni yale yale. Ya mkasi ipake grisi kwenye skrubu kabla ya masika, na uifunge kwenye gunia, jembe lisikae juu yake.

Na kuazimana, ndugu zangu. Siwezi kuwaambia msiazimane, huku hatuishi hivyo. Mtu akikupigia hodi usiku gari lake limelala barabarani, unampa. Lakini nusu ya jeki zinazokosekana hapa senta ziko kwenye nyumba za watu waliozichukua kwa dakika tano. Andika jina lako kwa rangi, toboa ubao uufunge kwa kamba pamoja na jeki na mpini, uvitoe vyote vitatu kwa pamoja, na kesho yake asubuhi mfuate aliyeazima hadi kwake uvihesabu.